Nani Analala na Kondoo?

Jioni ya kwanza niliyompigia baba simu kutoka Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, nilimwambia kwamba nimepata kazi ya kuchunga kondoo katika nchi yenye mbwa mwitu. Baba yangu, ambaye amefuga ng'ombe na mbuzi Longido maisha yake yote, aliwaza mara moja wale mbwa mwitu wetu wenye madoa na masikio ya duara, akaniambia nisihangaike sana, maana fisi ni mbaya kuliko hao. Ilinibidi nimweleze kwamba Kiswahili chetu kimewapa wanyama wawili jina moja, na kwamba huyu wa Ulaya ni mwingine kabisa: rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, masikio yamesimama, miguu ni mirefu, na ndiye asili ya mbwa wote tunaowafuga majumbani. Baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na usiku, nani analala na kondoo?"

Nilimjibu kwamba hakuna anayelala nao. Wanazungushiwa nyavu zenye umeme, nao umeme unatoka kwenye betri iliyowekwa pembeni ya malisho, na watu wanalala nyumbani kwao.

"Betri haina masikio," alisema baba, na mazungumzo yakahamia kwenye habari za mvua.

Nilikwenda huko mwaka 2017 kama kijana wa kujitolea, nikiwa nimekusudia kukaa mwaka 1 tu. Nilikaa 5, kwa sababu baadaye niliingia katika mafunzo ya ufugaji wa kondoo, ambayo Wajerumani huyatoa kwa miaka 3 kama wanavyotoa mafunzo ya useremala au ya upishi, siku nyingi zikiwa za kazini na chache za darasani. Niliyefanya kazi kwake alikuwa mfugaji mwenye umri wa miaka 60 na ushee na kondoo 600 hivi. Tangu wiki ya kwanza nilimwita "mzee", na nilipomweleza kwamba kwetu hilo ni neno la heshima alilipokea kwa furaha, hata mkewe akaanza kumwita hivyo mezani.

Lausitz ni nchi ya mchanga na misonobari. Kuna mashimo makubwa ya makaa ya mawe ambayo yamemeza vijiji vizima, kuna minara ya kituo cha umeme cha Boxberg inayoonekana kutoka mbali, na kuna eneo pana la mazoezi ya jeshi ambamo raia haingii. Vibao vya barabarani vimeandikwa kwa lugha mbili, Kijerumani na Kisorbi, kwa kuwa Wasorbi ni watu wa asili wa huko na wanailinda lugha yao kwa bidii. Bibi mmoja Msorbi, jirani yetu, ndiye aliyenifundisha kwamba mbwa mwitu kwa lugha yake ni *wjelk*. Alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, nami nilikumbuka jinsi Yeyo, mama yangu, asivyopenda simba atajwe jina lake usiku.

Mzee alinipeleka siku moja kwenye makumbusho yaliyomo katika ngome ya mji wa Hoyerswerda, ili nimwone mbwa mwitu aliyekaushwa na kuhifadhiwa pale. Aliuawa kwa risasi mwaka 1904, baada ya wenzake wa Ujerumani kuwa wamekwisha kuangamizwa katika karne iliyotangulia. Kilichonishangaza si ukubwa wake bali jina lake. Watu wa wakati ule walimwita Chui Milia wa Sabrodt, kijiji cha jirani, kwa sababu wanyama walipoanza kuuawa ulienea uvumi kwamba kuna mnyama mkali wa kigeni aliyetoroka kwenye maonyesho. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu nikilitafakari jambo hilo. Nchi iliyokuwa na mbwa mwitu tangu enzi na enzi ilihitaji vizazi vichache tu kufikia mahali ambapo watu wake, walipokutana na alama za mnyama wao wenyewe, walidhani ametoka Asia.

Kusahau huko ndiko kulikonifundisha zaidi katika miaka yangu 5. Lugha yao bado inakumbuka. Wajerumani wanapotaka kusema kwamba kitu kimewaponyoka, husema kimewapita kwenye vitambaa, na msemo huo unatokana na uwindaji wa kale, ambapo wawindaji walitundika vitambaa kwenye kamba kuzunguka msitu, mnyama akaogopa kuvivuka kwa vile vilivyokuwa vikipepea. Mzee aliutumia msemo huo mara nyingi bila kuufikiria. Kisha mbwa mwitu waliporudi, wataalamu walikuja na kamba zenye vitambaa vyekundu ili zitundikwe juu ya nyua kama kinga ya muda, na wafugaji wakazipokea kama uvumbuzi mpya.

Walirudi wenyewe, hawakuletwa na mtu. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990 sheria iliwalinda, nao wakavuka kutoka Poland wakaingia kwenye misitu ya mpakani, na mwaka 2000 watoto wa kwanza walizaliwa ndani ya eneo lile la jeshi, mahali panapoitwa Muskauer Heide. Miaka 2 baadaye, karibu na kijiji cha Mühlrose, kondoo zaidi ya 20 waliuawa. Mzee aliniambia kwamba aliposikia habari hiyo alikwenda kutazama nyavu zake akagundua hajui anatazama nini. Baba yake hakuwahi kumfundisha kuwalinda kondoo, wala babu yake. Nyavu walizokuwa nazo zilikuwa za kuwazuia kondoo wasitoke. Hakuna aliyewahi kuziwaza kama kitu cha kumzuia mnyama asiingie. Leo Ujerumani ina makundi zaidi ya 200 ya mbwa mwitu, na kila wanapofika katika jimbo jipya wafugaji wa huko huanza mwanzo kabisa, kama mzee alivyoanza.

Watafiti wa makumbusho ya Senckenberg mjini Görlitz wamechambua maelfu ya vinyesi vya mbwa mwitu, wakaona kwamba chakula chao kikubwa ni paa wadogo wa misitu ya huko, wakifuatiwa na nguruwe mwitu na kulungu, na kwamba mifugo ni sehemu ndogo sana. Ninaamini hesabu hiyo, maana niliishi miaka yote hiyo katikati ya misitu yao na nikamwona mbwa mwitu kwa macho yangu mara 2 tu, zote alfajiri, zote akienda zake. Lakini anayekuta mizoga malishoni hasaidiwi na asilimia. Na jambo linalowachanganya watu wengi, hata wakadhani mnyama huyu ana roho ya kikatili, ni kwamba akiingia zizini haui kondoo mmoja akaondoka. Msituni paa mmoja akikamatwa wengine wamekwisha kutoweka, na uwindaji umeisha. Ndani ya uzio hakuna pa kukimbilia. Kondoo huzunguka na kuzunguka mbele yake, na kila kinachokimbia kinamwita akikamate.

Kazi yetu kuu, basi, ilikuwa nyavu. Kila wavu una urefu wa mita 50, na zizi moja lilihitaji nyavu 12. Zinakunjwa, zinabebwa begani, zinasimamishwa tena mahali penye majani mapya, na kondoo wakimaliza siku 2 au 3 kazi inaanza upya. Uzi wa chini kabisa usiwe juu ya ardhi zaidi ya sentimita 20, kwa kuwa mbwa mwitu hapendi kuruka kitu asichokijua. Huinamisha kichwa akatafuta pa kupita chini. Pua yake yenye unyevu ikigusa uzi wenye nguvu za kutosha, hataisahau siku hiyo, na mama aliyepigwa na umeme hawapeleki watoto wake pale. Lakini jani moja lililolowa likiegemea uzi hunyonya umeme, na majani 100 huumaliza. Kwa hiyo kabla ya kusimamisha nyavu tulifyeka njia nyembamba kuzunguka malisho yote, na baada ya kuzisimamisha tulipima. Kipimo ni kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi, kina waya wa kuchomeka ardhini na ncha ya kugusisha wavu.

Oktoba ya mwaka wangu wa tatu nilikuwa nimeachiwa zizi la kondoo wachanga wa mwaka ule, 140 kwa idadi, kwenye malisho yaliyoteremka kuelekea mtaro wa maji. Ilikuwa Ijumaa, mvua ilikuwa ikinyesha tangu adhuhuri, na nilikuwa na zizi jingine la kuhamisha kabla ya giza. Nilisimamisha nyavu zote 12 peke yangu. Nilipima mara moja, karibu na betri, nikaona umeme uko wa kutosha, nikapanda gari nikaondoka. Sikuteremka mtaroni. Nilijua kwamba ninapaswa kuteremka. Sijawahi kujidanganya kwamba sikujua.

Asubuhi niliona kunguru kabla sijaona kondoo. Wengi wa kondoo walikuwa wamesongamana kwenye kona ya juu, wamesimama kimya, wakitazama upande mmoja. Waliokufa walikuwa 9. Wa kwanza niliyemfikia alikuwa amelala ubavu kana kwamba amepumzika, manyoya yake yakiwa safi na yamelowa mvua, na ilinibidi nipige magoti na kutenganisha sufu ya koo kwa vidole ndipo nikaona matundu 4 madogo, yasiyotoa damu nyingi. Mmoja tu ndiye aliyeliwa, na hakuliwa wote. Chini, kwenye ukingo wa mtaro, maji ya mvua yalikuwa yamekula udongo, wavu ukaning'inia juu ya uwazi ambao mtoto wa miaka 5 angepita akitambaa.

Mzee alikuja baada ya robo saa. Hakusema neno. Alichukua kipimo kutoka mfukoni mwake, akanikabidhi, akanionyesha kwa kidole mwisho wa mbali wa uzio, kule mtaroni. Nilikwenda, nikachomeka waya ardhini, nikagusisha. Umeme uliofika pale ulikuwa chini ya nusu ya ule niliousoma karibu na betri, kwa sababu majani ya ukingoni yalikuwa yamelalia uzi wa chini kwa mita kadhaa. "Hapo," alisema. Nilipomwomba radhi alitikisa kichwa akaenda kutafuta turubai.

Turubai ni kwa ajili ya kufunika mizoga ili kunguru na mbweha wasivuruge ushahidi, maana mtu haruhusiwi kuondoa chochote mpaka mtathmini wa serikali afike. Alifika mchana, mwanamke mpole mwenye buti za mpira. Alichukua mate kwenye majeraha kwa vijiti vya pamba, kwa ajili ya kupima vinasaba, kisha akawachuna kondoo ngozi ya shingo, mmoja baada ya mwingine, akanionyesha jinsi nyama ilivyovilia damu chini ya ngozi. Alama hiyo hutokea kama mnyama alikuwa hai alipoumwa. Mzoga ulioumwa baada ya kufa hauwi hivyo. Halafu akaanza kuuzunguka uzio. Alipima kimo cha uzi kila mahali, akaandika. Alipofika mtaroni alisimama, akapiga picha, akaniangalia kwa huruma, nami nilielewa kabla hajasema. Fidia hulipwa kwa mfugaji ambaye uzio wake ulitimiza masharti. Wetu haukutimiza.

Wiki kadhaa baadaye karatasi ya maabara ilikuja ikithibitisha kwamba ni mbwa mwitu, jambo ambalo hatukuwa tumelitilia shaka. Mzee alipoteza kondoo 9 na fidia ya kondoo 9 kwa uvivu wangu wa dakika 10. Sikufukuzwa kazi. Tangu siku hiyo, hata hivyo, kila jioni alinipigia simu na kuuliza swali moja, "Mtaroni?" na mimi nilimtajia namba niliyoisoma mwisho wa mbali. Alifanya hivyo kwa mwaka mzima.

Nilipomweleza baba, alisikiliza mpaka mwisho, akarudia swali lake lile la kwanza kama vile hajawahi kuliuliza. Safari hii nilimpelekea mzee swali hilo, nikamtafsiria neno kwa neno. Alilifikiria majira yote ya baridi. Majira ya kuchipua yalipofika alinunua mbwa walinzi 2, wakubwa, weupe, wa asili ya milima ya Pyrenees, waliozaliwa zizini na kukua wakilalia sufu. Mbwa wetu wa Longido hubweka, watu wakaamka, na watu ndio wanaotoka na mikuki. Hawa wanaifanya kazi hiyo wao wenyewe. Usiku mmoja wa mbalamwezi nililala malishoni makusudi niwatazame: saa 8 hivi dume alinyanyuka, akasogea hadi kwenye wavu upande wa msitu, akasimama amegeuza ubavu, akatoa sauti nzito mara chache, na jike akabaki katikati ya kondoo, ambao hawakuacha hata kucheua. Sikuona kilichokuwa msituni. Baada ya hapo hatukupoteza kondoo kwa mbwa mwitu kwa muda wote niliobaki pale.

Lakini mbwa hao walikigawa kijiji. Waliohamia kutoka mji wa Dresden kutafuta utulivu walilalamikia kubweka usiku, waendesha baiskeli waliwaogopa, na katika mkutano mmoja wa kijiji mtu aliyekuwa na kibandiko cha kumtetea mbwa mwitu kwenye gari lake ndiye aliyedai mbwa wetu waondolewe. Nilikasirika sana siku hiyo na bado ninadhani nilikuwa na haki ya kukasirika. Serikali ya jimbo husaidia kununua nyavu. Wakati wangu hakuna aliyetulipa saa za kufyeka ukingo wa mtaro kwenye mvua. Kuishi na mnyama mkali ni kazi ya mikono, na kazi hiyo yote inamwangukia mwenye kondoo, ilhali fahari ya kuwa na mbwa mwitu ni ya taifa zima. Anayempenda mnyama huyo kwa dhati angevumilia angalau sauti ya mbwa.

Sikubaliani pia na waliosimama mkutanoni wakitaka bunduki kuwa jibu la kwanza. Mwaka 2022 mbwa mwitu mmoja alimuua farasi mdogo wa Ursula von der Leyen, kiongozi wa Tume ya Ulaya, katika jimbo la Niedersachsen, na mjadala ukapamba moto. Desemba 2024 nchi za Mkataba wa Bern, unaolinda wanyamapori wa Ulaya, zilipiga kura kumshusha mbwa mwitu daraja la ulinzi. Huenda kuna mbwa mwitu wanaopaswa kuuawa, kama wale waliojifunza kuruka nyavu zilizosimamishwa sawasawa, na mzee alikuwa na maoni hayo. Lakini risasi inamfikia yeyote aliyejitokeza, na yule aliyekwisha kupigwa na umeme, anayewafundisha watoto wake kuwinda paa, akiuawa, eneo lake linachukuliwa na kijana mgeni asiyejua wavu ni nini. Mbwa mwitu mzee anayeogopa uzio wako ni jirani wa kutunzwa.

Nilirudi Longido mwaka 2022 nikiamini kwamba narudi kwa watu wasiosahau. Boma la baba lilikuwa pale pale, uzio wa matawi ya migunga umesimama, na Yeyo akanipokea kwa maziwa. Lakini ndugu zangu wawili wakubwa wako Arusha wanaendesha bodaboda, na wadogo wako shuleni, mahali ambapo nami nataka wawe, kwa hiyo mchana mbuzi huchungwa na kijana mmoja wa kukodiwa ambaye anachunga za boma tatu kwa pamoja. Fisi walikuwa wamechukua mbuzi 4 mwezi ule. Jirani mmoja alikuwa anazungumzia sumu, na watoto wa boma lake hawakuona ajabu, kwa kuwa hawajawahi kuona kazi ya kulinda ikifanywa kwa ukamilifu wake.

Usiku wa pili baba aliniuliza kama ule uzio wa umeme ungefaa hapa. Nilimwambia nataka kwanza kuuzunguka wetu. Tulichukua tochi na mdogo wangu mwenye miaka 12, aliyekuwa likizo, tukaanzia mlangoni na kuteremka upande wa bondeni, ambako hakuna anayepita mchana kwa sababu hakuna njia. Migunga ya pale ilikuwa imekauka na kulegea, na chini yake maji ya masika yalikuwa yamechimba mfereji wa upana wa mabega yangu. Kwenye matope yaliyokauka kulikuwa na nyayo za fisi, zinazoingia na zinazotoka. Mdogo wangu aliinama, akaweka kiganja chake ndani ya unyayo mmoja kupima ukubwa, kisha akanyanyuka bila kuambiwa akaenda kutafuta mawe.